Dakika Saba za Asiye na Gia

Wenzangu mlioingia ofisini juzi, mmeniuliza mara tatu kwenye kundi letu la simu: "Madam Moraa, ile hesabu ya fidia uliitoa wapi?" Mara mbili nilijifanya sijaona. Mara ya tatu mmoja wenu akaandika, "Tumeambiwa ulikuwa unakisia tu." Hapo nikavaa miwani, nikaomba daftari la mjukuu, nikaketi. Nimestaafu, sijafa, na sikuwahi kukisia isipokuwa mara moja, na hiyo nitaieleza ingawa inaniuma.

Kwa wale wasionijua, nilikuwa mpima muda wa mbio za baiskeli huku kwetu, Kisii na Nyamira, kwa miaka thelathini na minne. Msidhani ni kazi ya kubonyeza saa. Kubonyeza saa hata mbuzi angefundishwa. Kazi yenyewe ilikuwa kuwaweka pamoja kwenye mstari mmoja mtu mwenye baiskeli nyepesi ya gia na mtu mwenye baiskeli nzito ya kubebea ndizi, isiyo na gia hata moja, kisha mwisho wa mbio kusema nani ameshinda kwa haki. Wote wawili hawawezi kukupenda. Mara nyingi hakukupenda hata mmoja.

Siku yangu ya kwanza nilifika ofisi ya michezo nikiwa na filimbi mpya shingoni, maana nilikuwa nimeahidiwa kufundisha netiboli. Aliyekuwa mkubwa wangu akaniangalia akasema netiboli imepata mtu, niende chumba cha mwisho kwa Mzee Ogeto. Chumba cha mwisho kilikuwa stoo. Ndani kulikuwa na magunia ya mipira iliyopasuka, meza moja yenye miguu mitatu na tofali, na Mzee Ogeto akinywa chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati.

"Unajua hesabu?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Unajua kutukanwa?"

Nikaishika filimbi yangu.

"Hiyo utajifunza hapa. Keti."

Mzee Ogeto hakuwa amejifunza kazi hii kwenye baiskeli. Alikuwa amejifunza ziwani, upande wa Kisumu, kwenye klabu ya watu walioshindanisha mashua za matanga kwa kujifurahisha. Mkisii kutoka Marani, asiyejua kuogelea, alikaa huko miaka kumi na moja juu ya kijumba cha mbao akipima muda wa mashua. Walimwita Mtu wa Migomba. Alisema hakujali, kwa sababu kila aliyemwita hivyo alikuja baadaye kumnong'oneza ampunguzie sekunde.

Wiki yangu ya kwanza nzima alinifundisha mashua, nami nilikuwa nakasirika kimoyomoyo, maana kutoka pale stoo maji ya karibu zaidi yalikuwa ya pipa la kukinga mvua. Lakini sikilizeni, kwa sababu fidia yote mnayotumia ilitoka huko. Alisema mashua mbili zinaweza kuwa pacha, fundi mmoja, mbao zile zile. Moja ina matanga mawili ya kawaida. Nyingine ina hayo mawili na la tatu, kubwa, jepesi, linalotunga mbele kama puto upepo ukiwa mgongoni. Ukizishindanisha hivyo hivyo, yenye puto itashinda. Kwa hiyo asiye na puto hupewa fidia: sekunde kadhaa zinakatwa kwenye muda wake.

"Sasa niambie," akasema, "ni sekunde ngapi?"

Nikasema itategemea ukubwa wa puto.

"Kosa. Inategemea njia. Ukienda kinyume cha upepo, puto limo ndani ya gunia, halifanyi kitu. Ni mzigo tu. Siku ambayo njia karibu yote ni kinyume cha upepo, ukimpa yule mwingine fidia ya siku zote, umemzawadia ushindi. Wale mabwana walikuwa wanafanya hivyo miaka mingi. Namba moja, siku zote, upepo wowote. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka."

"Uliwabadilisha?"

"Walinipa barua ya shukrani, nikarudi nyumbani."

Njia yake ya kupima ilikuwa hii, nayo msiiache hata mkipewa mitambo ya namna gani. Chukua mashua ile ile na nahodha yule yule. Mtume azunguke mara moja na puto, mara moja bila puto, siku moja, upepo mmoja. Tofauti inayobaki ni ya puto peke yake. Ukichukua nahodha huyu na puto na nahodha yule bila puto, unapima watu, hupimi tanga. Halafu igawe njia vipande vipande, uone kila kipande kimechangia nini.

Baiskeli zilipokuja mikononi mwetu, puto likawa gia. Kamati ya mashindano wakati huo ilikuwa na fidia ya dakika kumi kwa kila asiye na gia, iliyopatikana kwa njia ya kisayansi kabisa: wazee saba walibishana mpaka chai ikaisha. Sisi tukaanza kupima. Kila Jumatano asubuhi, mpanda baiskeli mmoja, baiskeli mbili, barabara ya kutoka Marani kwenda Magwagwa, kipande baada ya kipande.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu dogo la kwanza. Nililichora jedwali kabla ya kupima, kwa akili yangu ya shule. Nikasema gia humsaidia mtu mlimani, kwa hiyo asiye nayo apewe dakika nyingi mlimani. Mzee Ogeto akalitazama jedwali kisha akanitazama mimi, akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu wa ndizi akipanda mlima. Nikasema nimezaliwa nikiwaona. Akauliza hufanya nini. Nikasema hushuka, hushika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, na kukimbia akisukuma.

"Anakimbia?"

"Anakimbia, mzee."

"Na mwenye gia anapanda akinyonga polepole kama anasaga mahindi. Nani anatangulia juu?"

Tulipopima, baiskeli zote mbili zilikuwa zinafika juu karibu pamoja. Mtu aliyekimbia na mikungu minne ya ndizi tangu utotoni, ukimpa baiskeli tupu, mlima si kitu kwake. Asiye na gia anaumia kwenye tambarare na miteremko ya lami, ambako kanyagio zinazunguka bure na mwenzake anabadilisha gia anaondoka. Nilikuwa nimempa dakika mahali asipozihitaji na kumnyima mahali anapozililia. Nililifuta jedwali lote. Baada ya miezi mitatu ya Jumatano tulipata dakika saba kwa njia nzima, nazo zilikuwa za haki. Nasema zilikuwa za haki kwa siku ya Jumatano, asubuhi, barabara ikiwa kavu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonipandisha damu hadi leo, na daktari ameniambia nisipandishe.

Kwetu huku Jumamosi ni Sabato. Nusu ya wapanda baiskeli wetu ni Waadventista, na huwezi kumwambia Mwadventista ashindane Jumamosi, wala hupaswi. Nusu nyingine ni Wakatoliki, nao Jumapili asubuhi wako misani na mama zao wanawahesabu. Siku za juma watu wana chai ya kuchuna na mizigo ya kupeleka. Kamati ikapatana vizuri sana, kila kanisa likaridhika, kila padri na kila pasta akashukuru: mbio zitakuwa Jumapili, saa nane mchana.

Saa nane mchana, Kisii! Kamati yenyewe ni ya wakulima wa chai, watu wanaoijua saa ya mvua kuliko saa ya chakula. Kila mmoja wao anaanua nguo kwake saa nane na nusu. Kila mmoja anajua kwamba ikifika saa tisa, wingu limefika. Na bado wote wakainua mikono kupitisha. Kwa hiyo nilikuwa na jedwali la Jumatano kavu kwa ajili ya mbio za Jumapili zenye mvua, na barabara ambayo zaidi ya nusu yake ni udongo mwekundu. Udongo wetu mnaujua. Ukinyeshewa haukuachi uondoke na viatu vyote viwili.

Mzee Ogeto alikuwa ameshastaafu, amekwenda kulima mboga zake. Siku nilipomtembelea aliniuliza, "Safu ya mvua umeshaiandika?" Nikasema bado. Alimaanisha safu ya pili ya jedwali, ya barabara yenye tope, kama wale wa mashua walivyopaswa kuwa na namba ya upepo huu na namba ya upepo ule. Akasema, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye." Nikamwambia nitaiandika.

Sikuiandika. Nitawaambia ukweli kwa nini. Ili kuipima ilibidi niwatoe watu Jumapili alasiri kwenye tope, na mimi mwenyewe nisimame ndani ya tope hilo na mwavuli. Mwenye gia hakuna aliyetaka kuharibu gia zake kwa jambo lisilo na kikombe. Nililitaja kikaoni mara mbili. Mara zote mbili mwenyekiti alisema liandikwe kwenye mengineyo. Mengineyo huja mwisho, watu wakiwa wamesimama wanatafuta kofia zao. Nikajiambia nimefanya sehemu yangu. Na kwa miaka mingi mvua ilitustahi, ikanyesha watu wakiwa wamemaliza, au ikapita upande wa pili wa vilima, na kila mwaka ulipopita salama nikazidi kuwa mvivu.

Halafu ukaja ule mwaka wa nafasi. Tuliandikiwa kwamba mshindi wa mbio zetu ataingia kambi ya kitaifa ya mazoezi, mtu mmoja tu, asiyezidi umri wa miaka ishirini na mitatu. Kabla ya hapo mshindi alipata kikombe na blanketi. Sasa palikuwa na maisha ya mtu hapo mbele.

Waliotazamiwa walikuwa wawili. Momanyi wa Magwagwa, mbeba ndizi, miguu kama miti ya mikalitusi, baiskeli nzito nyeusi isiyo na gia. Na Nyakundi wa Marani, kijana mwembamba mwenye maneno machache, aliyekuwa na baiskeli ya gia. Watu walimwita Nyakundi mtoto wa matajiri kwa sababu ya hizo gia. Tajiri gani! Ndugu zake wawili walikuwa wakifanya kazi ya chai kule Itumbe, wakajinyima mpaka wakamnunulia, ya mtumba, na usukani umefungwa kwa utepe. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu kamili. Kwake hapakuwa na mwaka mwingine.

Jumapili hiyo nilikuwa Marani tangu saa sita, nikaandika fidia ubaoni kwa chaki kama desturi: wasio na gia, dakika saba. Sheria yetu ni kwamba kilichoandikwa ubaoni hakibadilishwi filimbi ikishalia. Sheria hiyo ni nzuri, msiiguse. Bila hiyo kila mtu angekuja na fidia yake mfukoni. Lakini filimbi ilikuwa haijalia, nami nikatazama upande wa Nyamira nikaona wingu limeketi pale kama kuku juu ya mayai. Nikamwendea mwenyekiti.

"Mwenyekiti, mvua inakuja. Dakika saba hazifai."

"Madam, unaiona mvua hapa?"

"Naiona kule."

"Kule si hapa. Utaandika mvua ambayo haijanyesha? Haya, tuseme nimekubali. Uandike ngapi?"

Nikasimama na chaki yangu. Uandike ngapi! Sikuwa na namba. Miaka yote hiyo sikuwa nimepima. Kama ningekuwa na namba ningeiandika, na hata angenipigia kelele mbele ya watu wote ningeiandika. Nilisema, "Labda... tuseme mbili." Akaniuliza zimetoka wapi. Nikarudisha chaki kwenye kopo. Hiyo ndiyo mara yangu moja ya kukisia niliyowaambia, na hata haikufika ubaoni.

Filimbi ikalia. Tukapanda gari la ofisi, tukazunguka na lami kwenda kusubiri Magwagwa. Kabla hatujafika nusu ya njia, matone ya kwanza yakapiga kioo. Dereva akawasha vifutio akasema, "Madam, leo watakoma."

Magwagwa watu walijibanza chini ya mabati ya maduka. Tulisubiri kuliko kawaida. Aliyetokea kwanza alikuwa Momanyi, amekuwa rangi moja na barabara, meno tu ndiyo meupe, baiskeli inalia lakini inazunguka. Cheni moja, gurudumu moja la meno, tope likiingia linatoka. Nikabonyeza. Dakika nne baadaye akatokea Nyakundi. Hakuwa juu ya baiskeli. Alikuwa ameibeba begani, anakimbia, na mkononi ana kijiti cha kuchokolea tope kwenye kile kikono kinachohamisha cheni. Kikono kilikuwa kimejaa udongo hadi hakionekani. Alivuka mstari, akaishusha, akaketi kando yake barabarani.

Momanyi alikuwa ametangulia dakika nne, nami nikamwongezea saba za ubaoni. Kumi na moja. Nilitangaza mwenyewe kwa sauti yangu, na watu wakashangilia mpaka nikashindwa kusikia mvua. "Gia imeshindwa na ndizi!" Walimbeba Momanyi, wakaibeba na baiskeli yake. Sikuwahi kuona matokeo yanayopendwa hivyo. Mnyonge amemshinda mwenye nacho, nani hapendi? Na mimi nimesimama pale najua kwamba nimempa dakika saba mtu ambaye siku hiyo, kwenye tope lile, yeye ndiye aliyekuwa na baiskeli bora.

Ndugu zake Nyakundi walikuwapo. Mmoja alimwendea pale chini akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Tumekununulia gia, unashindwa na mtu wa ndizi? Si ungesema tu hauna miguu?" Nyakundi aliendelea kuchokoa tope kwa kijiti chake. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale na karatasi mkononi. Ningeweza kusema neno. Niliinamia karatasi nikaanza kuandika majina ya wengine.

Jumatano iliyofuata alikuja ofisini. Nilidhani amekuja kulalamika, nikamwandalia fomu ya malalamiko.

"Yaya, madam. Hapana. Sitaki fomu," akasema. "Mzee Ogeto ni jirani wetu. Ameniambia mlikuwa mnapima mtu mmoja na baiskeli mbili. Tope mliwahi kupima?"

"Hapana."

"Nipimeni mimi."

"Nyakundi, matokeo hayatabadilika. Jina limeshatumwa. Na mwaka ujao umri wako..."

"Najua umri wangu. Mimi nataka tu kujua."

Ilibidi tupate baiskeli ya pili. Nilikwenda kwa Momanyi, nikaona haya njia nzima. Alikuwa anafunga begi la kambini, ambako angepewa baiskeli ya gia. Nikamweleza ninachotaka kupima. Akafikiri, akasema, "Chukueni hii yangu. Madam, hata mimi nilimwona amebeba. Nilipita nikanyamaza." Akakifuta kiti chake kwa kitambaa kama mzazi anayemuaga binti anayeolewa.

Basi tukaanza. Jumapili sita, baada ya misa, Nyakundi alikuja Marani na baiskeli mbili, moja ameipanda na nyingine anaikokota kwa mkono. Tulisubiri mvua. Jamani, nimewahi kusubiri vitu vingi, ikiwemo marupurupu, lakini kusubiri mvua ukiwa na mwavuli ni ujinga wa kipekee. Ikinyesha, anakwenda kwa gia hadi mwisho wa kipande, anarudi, anakunywa chai ya chupa, anakwenda na ya Momanyi. Jumapili nyingine anaanza na ya Momanyi kwanza, ili uchovu usiipendelee moja. Hilo nililisahau, yeye ndiye aliyenikumbusha. Hakuzungumza nami chochote isipokuwa kuuliza muda.

Kufikia Jumapili ya tatu namba zilikuwa zinasema wazi. Kwenye lami, hata mvuani, gia ilimsaidia dakika mbili. Kwenye tope gia ilimla dakika saba na nusu. Ukizijumlisha, siku ya mvua mwenye gia ndiye anayestahili fidia, ya dakika tano na nusu, na asiye na gia hastahili hata sekunde. Nyakundi alikuwa amechelewa kwa dakika nne. Hesabu hiyo mnaweza kuifanya bila mimi.

Aliniuliza, "Imetoka?" Nikasema bado, tuendelee. Jumapili ya nne akauliza tena. Nikasema bado. Ya tano hivyo hivyo. Nilimtia tope Jumapili tatu zaidi si kwa sababu nilihitaji namba, ingawa namba nyingi si mbaya, bali kwa sababu niliogopa uso wake. Nilikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mkuu wa kitengo, naogopa kumwambia kijana jumla ya kutoa na kujumlisha.

Nilikwenda kwanza kikaoni. Safari hii sikukubali mengineyo. Niliweka jedwali mezani kabla ya sala ya kufungua, nikasema hatuanzi mpaka walisome. Wakalisoma. Mwenyekiti akavua miwani akasema, "Madam, maji yakimwagika hayazoleki. Ubao uliandikwa, filimbi ikalia." Na kuhusu hilo alikuwa sahihi, na kuwa sahihi kwake kulinikera kuliko miaka yake yote ya kukosea. Momanyi hakumwibia mtu. Alishindana kwa fidia iliyotangazwa. Ukimtoa kambini kwa hesabu iliyofanywa baadaye, kesho utamtoa yeyote. Wakaipitisha safu ya mvua itumike kuanzia mwaka uliofuata, wote kwa pamoja, bila swali. Ilichukua dakika chache. Kitu kilichonishinda miaka yote hiyo kilipita kabla mandazi hayajaletwa.

Ndiyo hiyo safu mnayoiona upande wa kulia. Iandikeni ubaoni mkiona wingu, kabla ya filimbi, na anayetaka kupiga kelele apige.

Jumapili ya sita mvua ilipoisha, nilimwita Nyakundi chini ya paa la kituo cha kununulia majani chai. Alikuja akikung'uta viatu. Nikamwambia, "Imetoka."

"Ningeshinda?"

"Ungeshinda."

"Kwa ngapi?"

"Dakika moja na nusu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nayo nilistahili. Nikaanza kumweleza habari za kikao, ubao, sheria, safu mpya. Akainua mkono kidogo, kwa heshima, kama mtu anayezuia uji usijazwe zaidi.

"Madam, hiyo kamati achana nayo. Wewe niandikie hiyo kitu. Niandikie barua."

"Ya kumpelekea nani?"

"Itumbe. Kwa ndugu zangu. Hawajaniita nyumbani kwao tangu siku ile."

Nikatoa karatasi ya ofisi, yenye nembo, nikaandikia juu ya paja. Niliandika kwamba mimi, mpima muda, sikupima barabara ya mvua kama ilivyonipasa. Niliandika dakika zilizotolewa na dakika zilizostahili. Nikaandika kwamba kwa vipimo vya Jumapili sita, ndugu yenu huenda ndiye aliyekuwa mshindi. Nikaweka sahihi na muhuri, maana muhuri nilikuwa nautembeza kwenye mkoba. Nikampa.

Aliisoma polepole, midomo ikitembea. Akarudi juu akaisoma tena. Kisha akaniwekea kidole chenye udongo kwenye mstari mmoja.

"Hapa umeandika huenda."

"Nyakundi, mvua ya siku ile siwezi kuirudisha niipime. Mpima muda hawezi kusema kwa uhakika jambo ambalo..."

"Kwa hizi Jumapili sita, kuna hata moja ambayo hesabu yake ingefanya nishindwe?"

Nikafungua daftari, ingawa nilijua. "Hakuna."

"Basi itoe, madam."

Nikachukua kalamu nikalikata hilo neno, nikaweka sahihi yangu ndogo pembeni, kama tunavyofanya tunaporekebisha muda.